Mbachao na Msala: Habari ya Kuchagua Shule

Kila mwaka, mwezi wa Desemba, swali moja huingia katika nyumba zetu, nalo hukaa pamoja nasi mpaka shule zifunguliwe: Mtoto huyu asome wapi? Baba na mama hulizungumza usiku, watoto wakiisha kulala. Huhesabu fedha, kisha huzihesabu tena. Huitaja shule ya jirani yenye madarasa yaliyojaa, huitaja na ile ya mbali yenye basi na sare nzuri; na mara nyingi hulala bila kupatana.

Zamani za babu zetu swali hili halikuwa zito. Shule ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbali, na aliyepata nafasi alishukuru. Siku hizi njia ni nyingi, na penye njia nyingi ndipo msafiri huweza kupotea. Kwa hiyo tumeona yafaa mwezi huu tuzungumze na wazazi na walimu juu ya jambo hili. Hatutaki kumlaumu mzazi ye yote ampendaye mwanawe. Twataka kutazama pamoja mambo mawili: kwanza, kuchagua shule kwafanya nini ndani ya nyumba, pili, kwafanya nini katika shule ile iliyoachwa. Hilo la pili watu wengi hulisahau.

PAA LA DARASA LA TATU

Na tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Katika mtaa wetu iko shule ya msingi ya serikali, ambayo wazee walichimba misingi yake kwa mikono yao. Kwa miaka mingi watoto wote walisoma humo: mtoto wa mwenye duka, mtoto wa mwuguzi, mtoto wa fundi seremala, mtoto wa mama mwuza samaki, na watoto wetu sisi. Kamati ya shule ilikuwa na watu wenye maneno. Mwenye duka alijua kuhesabu fedha. Mwuguzi alijua kuandika barua hata mkubwa akaijibu. Fundi alijua bei ya mbao. Chaki zikipungua, walikwenda ofisini siku ile ile.

Kisha ikafunguliwa shule ya kulipia, mwendo wa saa moja kwa basi, ambamo watoto hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwenye duka alikuwa wa kwanza kuwahamisha wanawe. Hakuwa na nia mbaya. Darasa la mtoto wake lilikuwa na watoto zaidi ya 80 na mwalimu mmoja. Mwaka wa pili mwuguzi akamfuata, na mwaka wa tatu fundi naye akaenda. Hapakuwa na mtu aliyekusudia kuivunja shule yetu. Kila mmoja alimtazama mtoto wake tu, kama impasavyo mzazi.

Basi masika moja upepo ukang'oa mabati ya darasa la tatu. Mwalimu mkuu akaita mkutano wa wazazi. Walikuja wachache, wakakaa kimya. Si kwamba hawakuliona jua likiingia kwa juu, bali hawakujua waandike nini, wala wamwandikie nani. Mwisho barua iliandikwa, isijibiwe, wala hakupatikana mtu wa kwenda kuiulizia. Watoto wa darasa la tatu wakasoma chini ya mwembe mpaka vuli. Na mvua za vuli ziliponyesha, wakaingizwa katika chumba cha darasa la nne, wakasongamana humo kama dagaa kaangoni.

Tulimwuliza mwenye duka kama amesikia habari hiyo. Akajibu, "Nimesikia, ndugu zangu, nami nimesikitika. Lakini wanangu hawamo tena shuleni pale. Nikienda mkutanoni, nitasema kwa haki gani?"

Maneno hayo yalitukaa moyoni siku nyingi. Tukatafuta kama watu wa mahali pengine wamepatwa na jambo kama hilo, tukaona kwamba wamepatwa, na wengine wameliandika vizuri kuliko sisi.

KUONDOKA NA KUSEMA

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi aitwaye Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Marekani, alitoa kitabu kidogo ambacho husomwa mpaka leo. Mawazo ya kitabu hicho yalimjia hapa Afrika, alipoiangalia reli ya Nigeria. Reli ile ilikuwa ikifanya kazi vibaya, na malori yalikuwa yakishindana nayo kuchukua karanga za wakulima. Watu walidhani mashindano yataiamsha reli. Lakini haikuamka. Hirschman alijiuliza kwa nini, akapata jibu.

Alisema kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili. Aweza kuondoka, aende kwingine. Au aweza kukaa na kusema, yaani kulalamika, kudai, kuandika na kukutana na wakubwa mpaka jambo litengenezwe. Katika reli ile, wenye mizigo mikubwa ambao wangalipiga kelele zaidi ndio waliohamia malorini. Wakaondoka na kelele zao. Nayo reli haikuumia sana kwa kuondoka kwao, kwa sababu hazina ya serikali ilijaza pengo la fedha. Walibaki wanyonge, ambao sauti yao haikufika mbali.

Hirschman akasema kwamba mambo yaweza kuwa yayo hayo katika shule za watu wote. Wazazi wanaojali zaidi ubora wa masomo ndio wa kwanza kuondoka. Na hao ndio ambao, kama wangalikaa, wangaliitengeneza shule. Tulipoyasoma hayo, tuliliona paa la darasa la tatu mbele ya macho yetu.

Lakini msomaji mwenye akili atauliza, "Je, kama fedha nazo zingeondoka pamoja na mtoto, shule isingeona uchungu, ikajitengeneza?" Swali hilo ni la haki. Mwaka 1955 Milton Friedman, mtaalamu wa Marekani, alikuwa ameandika shauri la namna hiyo: serikali impe mzazi kiasi cha fedha kwa ajili ya kila mtoto, naye aipeleke katika shule aitakayo, ya serikali au ya watu binafsi, mradi iwe imekubaliwa, ndipo shule zitakaposhindana, na iliyo mbaya itajirekebisha au itafungwa. Shauri hilo lilijaribiwa katika nchi nzima, nayo ni nchi ya Chile, huko Amerika ya Kusini. Yafaa tuisikie habari yake kwa utaratibu.

HABARI YA CHILE

Mnamo Septemba 1973 majeshi yalipindua serikali ya Chile, na Jenerali Augusto Pinochet akashika utawala. Wataalamu wa uchumi waliomshauri, wengi wao wakiwa wamesoma katika Chuo Kikuu cha Chicago alipofundisha Friedman, walipanga upya kazi nyingi za serikali. Kuanzia mwaka 1981 shule za serikali zilianza kukabidhiwa manispaa, na hazina ikaanza kulipa fedha kwa hesabu ya watoto wanaohudhuria. Shule ya manispaa na shule binafsi iliyoingia katika mpango huo zililipwa kwa kipimo kimoja. Mtu ye yote aliyetimiza masharti aliweza kufungua shule, hata kwa kutafuta faida.

Shule binafsi zikaota kama uyoga baada ya mvua. Kabla ya mpango huo, watoto kama 8 katika kila 10 walisoma katika shule za serikali. Miaka 30 na zaidi ilipopita, waliobaki katika shule za manispaa walikuwa chini ya 4 katika kila 10.

Je, masomo yaliongezeka uzuri? Hapa twataka kusema kweli bila kupendelea upande wo wote. Chile imekuwa miongoni mwa nchi zinazotangulia katika Amerika ya Kusini watoto wanapopimwa kwa mitihani ya kulinganisha mataifa; hilo si jambo dogo. Lakini wachunguzi wawili, Hsieh na Urquiola, waliotoa kazi yao mwaka 2006, walilinganisha manispaa ambamo shule binafsi zilizidi sana na zile ambamo hazikuzidi. Hawakuona dalili ya kuwa wastani wa masomo uliinuka kwa ajili ya mashindano. Waliloliona wazi ni kwamba watoto wa wenye uwezo walihama, wakawaacha maskini katika shule za manispaa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya baadhi ya hesabu zao. Lakini ya kuwa watoto walitengwa kwa hali ya wazazi wao, hata wananchi wenyewe waliliona.

Sababu zake si ngumu kufahamu. Kwanza, shule binafsi iliweza kuchagua watoto. Ilimwita mzazi wamwulize maswali, ilimpima mtoto, na aliyeonekana mzito ikamwambia hakuna nafasi. Shule ya manispaa kwa kawaida ilipaswa kumpokea kila ajaye. Hivyo mzazi alidhani kwamba yeye ndiye mchaguzi, kumbe shule ndiyo iliyomchagua. Pili, tangu mwaka 1993 shule binafsi zilizolipwa na serikali ziliachiwa kwa wingi kumtoza mzazi ada juu ya fedha za hazina. Mwenye kidogo akaenda kwenye ada ndogo, mwenye zaidi kwenye ada kubwa. Watoto wakapangwa kama bidhaa dukani, kila fungu na bei yake. Tatu, fedha ilimfuata mtoto, lakini gharama haikumfuata. Shule yenye darasa la watoto 40 ikipoteza 5, hupoteza fedha ya watoto watano. Lakini mshahara wa mwalimu ni ule ule, paa ni lile lile, na kisima ni kile kile. Shule iliyokusudiwa kujitengeneza ilinyang'anywa kwanza vyombo vya kujitengenezea.

Waliolisema jambo hili kwa sauti kubwa hawakuwa wataalamu. Walikuwa watoto wenyewe. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari walitoka madarasani kwa mamia ya maelfu, wakajaza barabara. Kwa sababu ya sare zao, koti la buluu nyeusi na shati jeupe, watu waliwaita pengwini, yaani ndege wale wa baharini wa nchi za baridi. Walidai pamoja na mengine kufutwa kwa sheria ya elimu iliyotangazwa Machi 10, 1990, siku moja tu kabla ya Pinochet kuachia utawala. Mwaka 2011 maandamano yalirudi kwa nguvu zaidi.

Serikali zikasikia, polepole. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kuiongezea fedha shule impokeayo mtoto maskini, bila kumtoza ada mtoto huyo. Mwaka 2015, wakati wa Rais Michelle Bachelet, ilitungwa sheria nyingine: shule zinazolipwa na hazina zisichague watoto, zisitafute faida, na ada zake ziondolewe kwa hatua. Kuanzia mwaka 2016, katika mkoa wa Magallanes ulio kusini kabisa, ulianza utaratibu mpya. Mzazi huandika shule azitakazo kwa mpango wa upendo wake, naye hupewa nafasi bila kuulizwa ana mali gani. Na kama waombaji ni wengi kuliko viti, baada ya kuwapa nafasi ndugu wa wanafunzi na wengine waliotajwa katika sheria, kura hupigwa. Mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kuziondoa shule mikononi mwa manispaa na kuzitia chini ya vyombo vipya vya elimu. Si watu wote walioridhika. Wako wazazi waliolalamika kwamba kura haijui bidii ya mtoto. Lakini angalieni jambo hili: watu wa Chile hawakuondoa haki ya mzazi kuchagua. Waliondoa haki ya shule kumkataa mtoto kwa umaskini wake. Hizo ni haki mbili mbalimbali, ingawa zamani zilikuwa zimefungwa katika kitita kimoja.

HUKU KWETU

Afrika ya Mashariki haina mpango kama ule wa Chile. Huku mzazi ahamishaye mtoto hulipa kwa mfuko wake. Lakini tuna historia yetu, nayo yafaa ikumbukwe.

Kabla ya uhuru shule nyingi zilikuwa za misheni. Katika Kenya, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliutia uendeshaji wa shule hizo mikononi mwa serikali na mabaraza, na makanisa yakabaki wafadhili. Katika Tanzania, sheria ya mwaka 1969 ilizitwaa shule zilizokuwa zikisaidiwa kwa fedha za serikali, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini au kabila. Wako wazee wa misheni waliosikitika. Lakini wengi walikubali kwamba shule ya watu wote iwe mali ya watu wote. Baadaye, Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliwapa watu binafsi na mashirika nafasi kubwa zaidi ya kufungua shule, na makanisa nayo yakafungua tena.

Kisha ada za shule za msingi za serikali zikaondolewa. Katika Tanzania watoto walioandikwa katika shule za msingi walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2005 walikuwa kama milioni 7.5. Katika Kenya ada ziliondolewa Januari 2003, na hesabu ikapanda kwa mwaka mmoja kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hiyo ilikuwa furaha kubwa, nasi hatutaki kuipunguza. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi waliingia darasani. Lakini madarasa hayakuongezeka upesi kama watoto, wala walimu. Hapo wazazi wenye fedha wakaanza kutazama kwingine. Mlango ule ule uliomwingiza maskini ulimtoa mwenye duka.

Katika Tanzania iko sababu nyingine, nayo ni lugha. Mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hata la mwisho wa shule ya msingi. Akiingia sekondari, hukuta karibu masomo yote kwa Kiingereza, na huwa kama mtu aliyetupwa katika maji ya kina. Mzazi anayelipa ada hununua zaidi ya yote Kiingereza. Hatumcheki, maana hofu yake ina msingi. Lakini twasema, kama daraja lina pengo, dawa yake ni kuliziba kwa ajili ya wote. Anayepanda mtumbwi wake hufika ng'ambo peke yake, na pengo hubaki pale pale.

NDANI YA NYUMBA

Sasa tuingie nyumbani. Tumeona nyumba nyingi zilizobarikiwa kwa uchaguzi mzuri wa shule. Mtoto aliyekuwa hasomi akasoma. Binti aliyekuwa akionewa njiani akapata amani. Hayo ni kweli. Lakini tumeona na mengine.

Tumeona nyumba iliyopeleka mtoto mmoja shule ya kulipia na kuwaacha watatu, kwa kuwa fedha zilitosha mmoja tu. Yule mmoja akawa kama mgeni wa heshima kwa ndugu zake, na wale watatu wakajua, bila kuambiwa, kwamba wamepimwa wakaonekana pungufu. Na mara nyingi aliyechaguliwa ni mvulana.

Tumeona shamba likiuzwa kwa ada ya miaka miwili. Mwaka wa tatu ada haikuwapo, wala shamba halikuwapo.

Tumeona watoto wadogo wakiamshwa saa kumi ya usiku wasubiri basi, wakirudi jua limekuchwa, wasijue habari ya bibi yao wala ya jirani. Wengine walipelekwa bwenini hali hawajui kufunga viatu vyao. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilikataza bweni kwa watoto wa awali hata darasa la nne, kwa kuwa mtoto wa umri huo yafaa alelewe na wazazi wake. Ikiwa sheria imelazimika kumkumbusha mama hilo, sisi wazazi yatupasa tuone haya kidogo.

MASHAURI YETU

Kwa hayo yote, mzazi afanye nini? Hatuna dawa moja, lakini tuna mashauri manne.

La kwanza: ukatazame mwenyewe. Usiichague shule kwa rangi ya basi wala kwa sare. Ingia shuleni, uulize walimu wangapi, na watoto wangapi kwa kila mwalimu. Mwombe mtoto wa darasa la tatu akusomee ukurasa mmoja. Iko shule ya ada ambayo mtoto wake hukariri Kiingereza kama kasuku bila kufahamu. Iko shule ya serikali ambayo mwalimu wake ni taa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Lakini mkeka mkuukuu ulio wako hulalika, na msala mzuri wa mpita njia huondoka naye.

La pili: hesabu gharama yote kabla ya kuanza. Usihesabu ada ya muhula mmoja. Hesabu watoto wote ulio nao, na miaka yote iliyobaki, na basi, na vitabu, na mwaka wa ugonjwa. Ikiwa hesabu haifiki mwisho, fedha ile ingeweza kumpatia mtoto wako wa shule ya jirani vitabu, taa ya kusomea na chakula cha mchana.

La tatu: ukimhamisha mtoto, usiihamishe sauti yako. Shule ya mtaa si mali ya wale tu wenye watoto ndani yake. Kodi yako imo katika ukuta wake. Kijana atakayekutibu uzeeni, na fundi atakayejenga nyumba yako, na jirani atakayeishi na wanao, wengi wao wanasoma humo leo. Nenda mkutanoni. Kama unajua kuandika barua, iandike.

La nne ni kwa walimu wenzetu. Mwalimu wa shule ya kulipia, usimkatae mtoto mzito ili wastani wa mitihani upendeze. Daktari apokeaye wazima tu hajaponya mtu. Nawe mwalimu wa shule ya serikali, usimchukie mzazi anayeondoka. Mwulize kwa upole ni nini kilichomwondoa, kisha uwaite waliobaki mkalitengeneze jambo hilo.

MWISHO WA HABARI YA PAA

Tulimwacha mwenye duka akituuliza kwa haki gani angesema. Miaka miwili baadaye biashara yake ilianguka. Akakaa na deni, na ada ikamshinda. Januari akamleta mwanawe mdogo katika shule ya mtaa, nao wakamwandika darasa la nne, lile lile lililokuwa limechangamana na darasa la tatu katika chumba kimoja.

Mwezi ule wazazi walikutana tena. Mwenye duka alisimama nyuma, karibu na mlango. Alipopewa nafasi alisema, "Ndugu mwenyekiti, naona haya kusema mbele yenu. Nilipoondoka paa lilikuwa zima."

Mama mwuza samaki akageuka akamtazama. Hakuwa na ghadhabu. Akasema, "Baba, haya haiezeki paa. Sisi tulikosa mtu wa kuandika. Kalamu hii hapa."

Akaandika usiku ule. Kesho yake wakaenda watu watano ofisini, na wiki iliyofuata wakaenda tena, na baadaye tena. Fundi seremala, ambaye wanawe wangali wakisoma kule mbali, aliposikia alikuja akapima mbao bila kulipwa. Mabati yalifika kabla ya masika. Vyoo bado havijajengwa, na madarasa yangali yamejaa; hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Lakini darasa la tatu wanasoma chini ya paa lao.

Duka limefunguliwa tena, dogo kuliko la kwanza. Tulimwuliza yule bwana kama atamrudisha mtoto kule mbali fedha zikipatikana. Akafikiri, akasema, "Labda nitamrudisha, labda sitamrudisha, nitatazama vile aendeleavyo. Lakini mkutanoni nitakuja."

Nasi hatukumdai zaidi ya hilo. Mwezi huu, ikiwa shule ya mtaa wenu imeita mkutano, mwende, wenye watoto humo na wasio nao.